Ufunguo Mmoja Hautoshi

Katika nyumba nyingi zenye gari kuna ufunguo mmoja tu wa gari hilo. Baba akienda safari anaondoka nao mfukoni. Mama akitaka kwenda sokoni, kanisani au hospitali hana budi kumngojea. Na siku ufunguo huo ukipotea, gari lililonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi linabaki limesimama uani kama kibanda cha kuku.

Jambo hili si la wanaume peke yao. Akina mama wengi siku hizi wanaendesha magari, na hata wasioendesha ndio wanaotaabika mtoto anaposhikwa na homa usiku wa manane. Kwa sababu hiyo, mwezi huu tumeona ni vema tuzungumze juu ya funguo za gari na mitambo inayozuia wizi.

KWA NINI UFUNGUO WA KUCHONGA HAUWASHI GARI?

Zamani ufunguo wa gari ulikuwa kipande cha chuma tu. Ukipotea, fundi wa kando ya barabara alichonga mwingine kwa dakika chache. Urahisi huo ulimfaa mwenye gari, lakini ulimfaa na mwizi pia. Ndipo watengenezaji wakaanza kuweka mtambo unaoitwa imobilaiza, ambao kazi yake ni kuzuia injini isiwake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyataka magari mapya ya abiria yawe nao kuanzia Oktoba 1998.

Mtambo huo hufanya kazi hivi. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo sana isiyo na betri. Unapoingiza ufunguo na kuuzungusha, waya uliozunguka tundu la swichi hutoa mawimbi ya redio yenye nguvu kidogo. Mawimbi hayo huiamsha chipu, nayo hujibu kwa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua namba hiyo, injini huwaka. Isipoitambua, hukata mafuta au umeme wa plagi. Gari lingine halitawaka kabisa, na lingine litawaka kwa sekunde moja au mbili kisha likazima.

Hivyo, ukichonga ufunguo wa chuma usio na chipu, utafungua mlango lakini hutaondoka. Wapo waliouziwa betri mpya, wakabadilishiwa na pampu ya mafuta, kumbe kasoro ilikuwa kwenye ufunguo. Dalili ya kutazama ni taa ndogo ya dashibodi, mara nyingi yenye picha ya ufunguo au kufuli. Kama inaendelea kumeta baada ya kuingiza ufunguo, mwambie fundi aanzie hapo.

Lakini tukumbuke kwamba si kila gari lina mtambo huu. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoletewa kwa wingi Afrika Mashariki, hayakuwekewa. Hatari yake ilionekana Marekani. Kuanzia mwaka 2021 vijana walisambaza video zinazoonyesha jinsi ya kuiba baadhi ya magari ya Kia na Hyundai yasiyokuwa na imobilaiza. Wizi ulienea hata kampuni hizo, Februari 2023, zikatangaza marekebisho ya programu bila malipo kwa magari yapatayo milioni 8.3.

UFUNGUO UKIPOTEA, UFANYE NINI?

Kwanza, tulia. Katika Injili ya Luka sura ya 15 tunamsoma yule mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi. Aliwasha taa, akafagia nyumba na kutafuta kwa bidii. Nasi tutafute kwa utaratibu: mifuko ya nguo ulizovaa jana, mkoba, chini ya viti, ndani ya kapu la sokoni, kwenye tundu la mlango, hata kwenye vichezeo vya watoto.

Pili, usimruhusu mtu yeyote kuvunja swichi au kukata nyaya ili gari liwake. Kwenye gari lenye imobilaiza kazi hiyo ni bure, na utalipia swichi na nyaya juu ya ufunguo.

Tatu, toa taarifa polisi. Kama ufunguo ulipotea pamoja na mkoba wenye kitambulisho au karatasi zenye anwani yako, usiliache gari mahali penye kujulikana. Aliyeokota anaweza kufika nyumbani kabla yako. Mwombe fundi aufute ufunguo uliopotea kwenye kompyuta ya gari, ili usiweze tena kuwasha injini. Kumbuka kwamba bado unaweza kufungua mlango, kwa hiyo usiache kitu cha thamani ndani.

Nne, tafuta fundi anayejulikana, mwenye duka au karakana, si mtu wa kukutana naye njiani. Beba kadi ya gari na kitambulisho. Fundi mwaminifu atakuuliza vitu hivyo, na asipouliza, mwogope. Atakayekutengenezea ufunguo bila kujua gari ni la nani, kesho atamtengenezea mwingine ufunguo wa gari lako.

AKIBA HAIOZI

Hapa ndipo penye nafuu kubwa. Ufunguo mmoja ukiwa bado upo, kuongeza wa pili mara nyingi ni kazi fupi, kwa sababu kompyuta inaukubali mgeni ikiwa imeonyeshwa mwenyeji. Funguo zote zikipotea, gharama huongezeka mara nyingi. Baadhi ya magari huhitaji kompyuta yake ifunguliwe na kuandikwa upya, au ibadilishwe kabisa, tena gari likokotwe hadi kwa fundi.

Magari ya mtumba mara nyingi hufika na ufunguo mmoja tu. Ukinunua gari, mwulize muuzaji ufunguo wa pili uko wapi. Kama haupo, uhesabu katika bei. Magari mapya huja pia na kibati kidogo chenye namba ya kuchongea ufunguo. Kihifadhi nyumbani pamoja na kadi ya gari, wala usikiache ndani ya gari.

Ufunguo wa akiba ukae mahali ambapo mume na mke wote wawili wanapajua. Tunalisema hili kwa upendo, kwa kuwa kuna nyumba ambamo mke hajui ufunguo wa pili uko wapi, wala kama upo. Baba akiugua ghafla, ni nani atakayemkimbiza hospitali? Zungumzeni jambo hili jioni moja, bila kulaumiana.

GARI ZA KUBONYEZA KITUFE

Magari ya miaka ya karibuni huwashwa kwa kubonyeza kitufe, ufunguo ukiwa mkobani. Betri yake ikifa, usihangaike. Ndani ya rimoti nyingi za namna hiyo kuna kifunguo cha chuma cha kufungulia mlango, na ukiigusisha rimoti kwenye kitufe huku umekanyaga breki, magari mengi huwaka.

Wezi nao wamejifunza. Wawili hushirikiana: mmoja husimama karibu na nyumba akiwa na chombo kinachonasa mawimbi ya rimoti, na mwenzake karibu na gari. Gari hudanganyika kwamba mwenyewe yuko karibu. Kwa hiyo usiutundike ufunguo karibu na mlango. Uweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kisha ujaribu: nenda nalo karibu na gari, mlango ukikataa kufunguka, kopo lafaa. Kufuli ya chuma ya usukani nayo, ingawa ni ya zamani, bado humchelewesha mwizi.

MTOTO AKIFUNGIWA NDANI

Tumeliacha hili mwisho kwa sababu ni zito. Mama anateremka kufungua geti, ufunguo uko ndani, mtoto anabonyeza kitufe na milango yote inajifunga. Juani, joto ndani ya gari laweza kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wetu.

Usingoje fundi wala usimhurumie baba mwenye gari. Ufunguo wa akiba usipokuwa karibu, vunja kioo cha pembeni kilicho mbali na mtoto, ukipiga kwenye kona kwa kitu kigumu chenye ncha. Usipige kioo cha mbele, maana kimetengenezwa kisivunjike kwa urahisi. Kioo kitanunuliwa kingine.

Na kila unapoteremka, hata kwa dakika moja, teremka na ufunguo mkononi.