Mvua ya Kericho, Vioo Juu, Mtungi wa Gesi Ndani: Hapo Ndio Kuna Noma

Bonasi ya chai ikishaingia Oktoba, wewe angalia tu maduka ya Litein, Kapkatet na Bomet mjini. Kila wa pili ametoka na meko mpya. Kuni zimechosha watu, makaa nayo ni bei, na mtungi wa kilo 6 unatoshea hata keja ndogo. Kazi ni kuufikisha nyumbani. Boda anaitisha doo ya maana juu ya vile milima iko, basi unapigia beshte yako mwenye Probox, mtungi unalazwa nyuma kando ya gunia la viazi, safari inaanza. Ikifika saa tisa mvua inashuka, vile hushuka huko karibu kila siku, na kila mtu anapandisha kioo juu ya baridi.

Hicho kioo ndicho tunataka kuongelea leo.

Wasee wengi huogopa mtungi utalipuka kama bomu ukigonga matuta. Si rahisi hivyo. Chuma yake ni nene, na presha ya gesi ya kupikia ni mara chache tu ya ile iko kwa tairi la gari. Kenye kinaweza kukumaliza ni gesi kuvuja polepole bila mtu kushtuka.

Iko hivi. Gesi ya kupikia ni propani na butani, zimefinywa mpaka zikawa maji. Hayo maji yakitoka nje yanageuka gesi na kufura karibu mara 250. Halafu hiyo gesi ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo haipandi juu itoroke kama moshi wa kuni. Inateremka, inakaa miguuni na chini ya viti, inangoja.

Piga hesabu kidogo. Kilo 6 zikitoka zote zinajaza mita za ujazo kama 3, yaani ndani ya gari ndogo kote kote. Lakini si lazima zitoke zote. Gesi ikifika karibu asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha. Kwa gari lililofungwa vioo, hiyo ni kama gramu 120, nusu ya ile sukari ya robo unanunua dukani. Na cheche haikosi: fegi, laita, swichi ya kioo, hata kuwasha gari tu.

Mradi, Embakasi, unaikumbuka? Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka, moto ukaingia nyumba za watu na magodauni, watu wakafa na zaidi ya 270 wakaumia. Ile ilikuwa lori na mahali wazi. Ya kwako ni kidogo sana, lakini wewe umekaa ndani yake.

Kwa hivyo kioo kiteremshwe, hata kama mvua inakurushia. Vidole viwili kila upande, hewa ipite. Utasikia baridi, sawa, vaa jaketi. Kama kuna pikapu, mtungi upande huko nyuma kwa hewa, na hii stori yote ya vioo inaisha.

Halafu usiulaze. Mtungi ukisimama, maji ya gesi yako chini na mvuke uko juu, pale kwa valvu. Ukilala, maji yenyewe yanaweza kufika kwa valvu, na ikivuja hapo utapata mara 250 ile tumesema. Usimamishe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, uukaze na gunia ama uufunge na blada usianguke kwa kona. Mwenye boda anayeulaza nyuma ya pikipiki anakosea vilevile, tofauti ni kwamba yeye ana upepo.

Kama ni meko, ng'oa kichwa cha kupikia kwanza. Watu hubeba mtungi na kichwa chake juu kama kofia, kitu kinagonga kile kifundo cha kufungulia, gesi inaanza kutoka na hakuna mtu amegusa. Ukiwa bado dukani, paka povu la sabuni kwa valvu. Likitoa mapovu, rudisha hapo hapo, na usione haya, ni pesa yako.

Ule mtungi unarudisha dukani ukisema "imeisha" pia usiuamini. Mvuke bado uko ndani, kwa hivyo sheria ni zile zile. Na usiuache kwa gari lililopakiwa ukaenda kuona mechi.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya huwekwa makusudi ndio ushtuke. Ukiisikia njiani, simama kando, zima injini, fungueni milango, mtoke wote na msogee mbali. Usiguse swichi ya kioo, usiwashe simu ndio upige tochi. Simu utapiga ukiwa mbali.

Petroli ya pawa so ni karibu stori moja, mvuke wake pia hushuka chini. Jerikani yake iwe na kifuniko kinachokaza, isiwe ile ya mafuta ya kupika, na isipande gari moja na mtungi.

Na kama fundi wa jua kali amekuomba umsaidie na mtungi wa oksijeni, mwambie atafute pikapu. Ule una presha zaidi ya mara 70 ya tairi lako. Valvu ikikatika, mtungi wenyewe unapaa kama roketi, na grisi kidogo tu kwa valvu inaweza kushika moto. Kwa Probox, hapana.