"Namtaka Daktari, Sio Nesi!"

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, saa nane za usiku. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi tisa, anachemka kwa homa. Baba yake kambeba, mimi ndiyo msemaji wa familia. Nesi wa zamu hakubishana nami. Alimvua mtoto shati, akatazama kifua, akashika saa yake na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa umri ule, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari. Wa kwetu alikuwa amepita hapo.

"Mama, hii inaweza kuwa nimonia. Tusisubiri," alisema taratibu, akaanza kazi.

Daktari alipofika alikuta mambo yanakwenda. Akampima mtoto, akasoma faili, akasema hana la kuongeza. Mpenzi msomaji, aibu niliyoipata usiombe ikukute!

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: hivi kwa nini sisi tuliosoma tunamwona nesi kama mtu wa kuchoma sindano na kuita majina? Katika kutafuta jibu nikakutana na maisha ya Profesa Loretta Ford wa Marekani, aliyefariki Januari 2025 akiwa na miaka 104. Huyu mama aliulizwa swali kama langu karibu maisha yake yote.

MCHUMBA HAKURUDI

Loretta alizaliwa New York mwaka 1920, akasomea unesi akiwa bado msichana mdogo. Kisha mchumba wake aliuawa vitani. Wengine tungejifungia chumbani na kususia dunia. Yeye aliingia jeshini kama nesi, akatumikia mpaka 1946. Mwaka uliofuata aliolewa na William Ford, na ndoa yao ilidumu zaidi ya miaka 60, hadi mzee alipofariki mwaka 2014.

Shule nayo hakuiacha. Akiwa Chuo Kikuu cha Colorado alipata shahada ya kwanza mwaka 1949, ya uzamili 1951 na ya uzamivu 1961. Hebu piga hesabu: kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni miaka 12, huku ana ndoa na kazi. Wewe unayesema umri umekwenda, upo hapo?

DARASA LAKE LILIKUWA VIJIJINI

Kabla ya kuitwa profesa, Loretta alikuwa nesi wa afya ya jamii huko huko Colorado. Vijijini madaktari walikuwa wachache, tena mbali. Mama akija na mtoto anayekohoa, aliyekuwepo ni nesi, na nesi huyo ilibidi aamue: huyu arudi nyumbani, huyu atibiwe hapa, huyu akimbizwe hospitali.

Hapo ndipo alipopata wazo lake. Kama manesi tayari wanafanya maamuzi mazito, kwa nini wasifundishwe kuyafanya vizuri?

Mwaka 1965, yeye na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo mapya chuoni hapo. Walichukua manesi wenye uzoefu, wakawafundisha kumpima mtoto mwili mzima, kufuatilia ukuaji wake, kushauri wazazi na kutofautisha ugonjwa mdogo na ule wa kumwita daktari. Mradi ule ulikuwa wa utafiti pia, maana Loretta alitaka kazi ya nesi ipimwe, watu waone matokeo badala ya kuongozwa na hisia.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Unadhani waliompinga ni madaktari peke yao? Wapi! Upinzani mkali ulitoka kwa walimu wenzake wa uuguzi. Walimwona kama msaliti anayetaka kugeuza manesi kuwa madaktari wadogo. Ni sawa na wewe upate wazo zuri kazini, halafu wa kwanza kukucheka ni rafiki yako wa meza ya pili.

Hakurudi nyuma. Mwaka 1972 alikwenda Chuo Kikuu cha Rochester kuwa mkuu wa kwanza wa shule yake ya uuguzi iliyojitegemea. Huko alisimamia jambo moja: kufundisha, kutibu na kutafiti viende pamoja. Mwalimu wa unesi asikae na chaki tu, awe na wagonjwa pia. Alistaafu mwaka 1986. Leo Marekani ina zaidi ya manesi 350,000 waliopita njia aliyoifungua. Wanapima, wanatambua ugonjwa na kuandika dawa, ingawa kila jimbo lina masharti yake.

NA SISI JE?

Kwetu mpangilio ni tofauti, tuna maafisa tabibu wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini nenda zahanati ya kijijini usiku, uone ni nani anayefungua mlango. Mara nyingi ni nesi, na maamuzi ni yale yale ya Colorado.

Kwa hiyo siku mkienda kliniki, baba na mama, msikae mnaangalia simu mkingoja "mkubwa" aje. Mwulizeni nesi maswali. Mwambieni awaonyeshe namna ya kuhesabu pumzi za mtoto. Ni saa na macho tu, na inaweza kuokoa maisha.

Mimi nilirudi kituoni baada ya wiki mbili, na mume wangu na mtoto akiwa mzima, kumwomba radhi yule nesi. Alicheka, akambeba mtoto.

"Usijali dada," alisema, "tumeshazoea."

Hilo "tumeshazoea" ndilo linaloniuma mpaka leo.