Kumsifia Mwenzio Kitabu, Wimbo au Sinema

Leo twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo karibu kila mtu hulitenda, na ni wachache walifikirio. Mtu asoma kitabu, au asikia wimbo, au aona sinema. Moyo wake wafurahi, naye hawezi kukaa na furaha ile peke yake. Humwendea rafiki yake akamwambia, “Kitafute kitabu hiki, ni kizuri mno.” Rafiki hujibu, “Vema, nitakitafuta,” wala hakitafuti. Au hukitafuta, akasoma kurasa kumi, akakirudisha. Na tangu siku ile hayaamini tena maneno ya mwenziwe katika mambo ya vitabu. Twataka kutazama kwa nini huwa hivyo. Na kwa kuwa si haki kuwahukumu wengine kwanza, twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Katika shule iliyo jirani na chuo chetu, ambako wanafunzi wetu wa ualimu hujifunza kufundisha, alikuwako kijana mmoja wa miaka kumi na mitano aliyekwisha soma kila hadithi iliyokuwamo katika sanduku la vitabu. Akatujia kuomba kingine. Tulifurahi mno, maana mtoto wa namna hiyo haonekani kila mwaka, tukampa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1951, na maneno tuliyomwambia yalikuwa matatu tu: “Ni kitabu bora.” Siku ya tatu akakirudisha.

“Umekwisha kukisoma?” tukamwuliza.

“Bado, Mwalimu.”

“Mbona wakirudisha?”

Akatazama chini, akasema, “Watu wanasema tu, Mwalimu.”

Muhula mzima hakuazima kitabu tena.

Sasa tufikiri. Je, kijana yule alisema uongo? La. Katika Kusadikika watu wanasema kweli. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kuwa amefundisha watu elimu ya sheria. Naye, badala ya kukimbia au kupigana, asimama siku baada ya siku na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Atakaye mbio na mapigano hatayaona humo. Sisi twalijua jambo hilo, kwa kuwa tumekisoma mara nyingi, lakini hatukumwambia. Tulikitazama kitabu tukamsahau msomaji. Lilikuwa kosa la mwalimu, wala si la mwanafunzi, na bila shaka si la Shaaban Robert.

Aliyemponya kijana yule ni msichana wa darasa lake. Yeye hakusema kuwa kitabu chake ni bora. Alisema hivi, nasi tulikuwa karibu tukamsikia: “Mtu ameuawa penye mzimu. Hujui umshuku nani. Kuna bwana mmoja, Bwana Msa, avuta kiko na kufikiri, wala hana haraka. Lakini majina ya watu ni mengi. Yaandike katika karatasi, la sivyo utapotea.” Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichopigwa chapa mwaka wa 1960 baada ya kupata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili. Kijana alikimaliza kwa usiku mbili, na karatasi yake ya majina tuliiona ndani ya kitabu kiliporudi.

Yatazameni maneno ya msichana yule, maana humo mna elimu kubwa kuliko yetu ya siku ile. Kwanza alisema jambo lenyewe lililomo, wala si sifa yake. Neno “kizuri” halimwambii mtu kitu. Uji mzuri, shati zuri na kitabu kizuri vyaweza kuitwa hivyo katika siku moja. Pili, alitaja udhia uliomo: majina ni mengi. Watu wengi huogopa kutaja udhia, wakidhani kwamba wataiharibu biashara. Kumbe msikilizaji akisikia kwamba umeona na kasoro, husadiki zaidi yale uliyoyasifu. Tatu, alimpa dawa ya udhia ule. Na la mwisho, ambalo huenda wengine wasilione, alinyamaza mahali pa kunyamaza. Hakumtaja muuaji.

Labda mtu atatuambia, “Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ya nini kuhangaika?” Twawaheshimu wahenga, lakini methali hii ni ya sokoni, ambako embe yaonekana kwa macho na harufu yake yasikika. Kitabu kimefungwa. Kimekaa rafuni, mgongo wake wafanana na migongo ya vingine, nacho hakiwezi kujiuza mpaka mtu akifungue. Wimbo nao haupo mpaka uimbwe.

Hebu tumfikiri Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka wa 1880, akawa mwuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mwaka wa 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hata Bombay, huko Bara Hindi, wakaimba nyimbo za Kiswahili zikatiwa katika sahani za santuri. Si kila nyumba iliyokuwa na santuri siku zile. Watu walikusanyika mikahawani kusikiliza, na waliosikia waliwachukulia wengine habari. Baadaye Shaaban Robert aliandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa mwaka wa 1958, miaka minane baada ya kufa kwake. Naye Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, aliziimba nyimbo za Siti hata uzeeni, mpaka alipofariki mwaka wa 2013. Basi kama sisi leo twalijua jina la Siti, ni kwa kuwa watu wengi, mmoja baada ya mwingine, waliona haya kumwacha jirani asisikie.

Lakini mtu akitaka kumsifia kijana wa leo santuri za Siti, yampasa kumtayarisha. Uso mmoja wa sahani za namna ile ulichukua dakika tatu hivi, basi wimbo hukoma ghafula, na aliyezoea taarabu ya usiku kucha atadhani amepunjwa. Tena sauti yatoka katikati ya mkwaruzo mwingi, kama mvua juu ya bati. Mwambie hayo kabla. Mwambie asikilize mara ya kwanza bila kutaka kuyashika maneno yote. Na kama ni wimbo wa Kijiti, mwambie kwamba ni habari ya mwanamke aliyeuawa na ya kesi iliyofuata. Asiyejua hilo atasikia sauti tamu tu, wala hatajua kwamba palikuwa na watu Unguja walioisikiliza kwa uchungu.

Hapa twataka kusema neno juu ya desturi iliyoingia pamoja na simu za mkononi. Mtu hupelekewa nyimbo kumi asubuhi moja na rafiki yake, bila neno hata moja. Hatusemi kwamba ni vibaya. Tena sisi wenyewe hupelekewa, na baadhi twazipenda. Lakini kupeleka si kusifia. Ni kama mtu apitaye nyumbani kwako akatupa mzigo mlangoni akaenda zake. Heri wimbo mmoja na sentensi mbili: “Sikiliza zeze linapoingia. Lilinikumbusha arusi ya shangazi.”

Katika sinema mambo ni mengine kidogo, kwa sababu ya swali la mwisho wa hadithi. Wazee wa Unguja na Dar es Salaam bado huizungumza sinema ya Kihindi iitwayo Awaara, ya mwaka wa 1951, aliyoitengeneza na kuicheza Raj Kapoor. Hakimu amfukuza mkewe mja mzito kwa kumshuku. Mtoto akulia katika umaskini, awa mwizi, na mwisho asimama mahakamani kushtakiwa kwa kutaka kumwua hakimu yule yule, baba yake. Tena aliyecheza hakimu, Prithviraj Kapoor, alikuwa baba yake Raj Kapoor kweli kweli. Watazamaji wengi wa pwani hawakujua Kihindi, wakasimuliana hadithi ile kutoka mwanzo hata mwisho, na waliosimuliwa walikwenda vile vile, tena kwa hamu zaidi, maana waliweza kufuata. Sinema yenyewe yaanzia mahakamani. Mwisho wake si siri; utamu wake ni njia ya kufikia pale. Kwa hadithi ya Bwana Msa ni kinyume chake: anayekutajia muuaji amekula nyama akakuachia mfupa. Basi kabla hujasimulia, jiulize kama kitu hiki chaishi kwa siri au chaishi kwa njia. Ukiwa na shaka, simama katikati.

Hadithi moja yaweza pia kuwa kitabu na sinema, na hapo msifiaji hushikwa na shauri. Vuta N’kuvute ni riwaya ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka wa 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, ameozwa mtu mzima ambaye hampendi. Atoroka, apokewa na Mwajuma, kisha akutana na Denge, kijana apingaye utawala wa Waingereza. Mwaka wa 2021 Amil Shivji aliitoa sinema yake, nayo ikaonyeshwa hata Toronto, huko Kanada. Tuanze na kipi? Sisi twasema kitabu, na labda twasema hivyo kwa kuwa tu walimu. Katika kitabu Mwajuma ana nafasi ya kucheka, kugombana na kuimba, na vichochoro vya Ng’ambo mtu huvitembea taratibu. Lakini tumewaona watu ambao hawangefungua riwaya ya unene ule kama macho yao hayakutangulia kuuona uso wa Yasmin. Kwa hao, na watangulize sinema, hatutagombana nao. Ila mzazi aulizwe kwanza kama mtoto ni mdogo, maana katika kitabu na katika sinema mna mambo ya watu wazima.

Jambo jingine lisahauliwalo ni hili: je, mwenzio aweza kukipata kitu unachomsifia? Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 2021, ile ya habari za kijana Yusuf, ilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1994. Tulipoisifu mbele ya wazee wetu kijijini, tulikuwa kama tunaowaonyesha wenye kiu maji yaliyo ng’ambo ya mto. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka wa 2022, na ndipo sifa zetu zikawa na maana kwao. Kwa hiyo ukisifu, taja na mahali kilipo: kwa nani, katika sanduku lipi, bei gani. Na kama ni chako, mpe mkononi palepale.

Baada ya mambo ya kijana yule tulifanya badiliko dogo shuleni. Tulichukua daftari la kawaida, tukalitoboa tundu, tukalifunga kwa uzi juu ya sanduku la vitabu. Kila arudishaye kitabu huandika mstari mmoja, kama apenda: jina la kitabu, mahali panapochosha, na mtu gani akisome. Neno “kizuri” limekatazwa humo. Mwanzoni waliandika kwa woga, wakitazama kama mwalimu atasahihisha; hatukusahihisha hata herufi. Sasa huligombania, na wako wanaosoma daftari kuliko vitabu, jambo ambalo hatujapata dawa yake.

Mwaka jana, wakati wa masika, kijana wetu alirudi. Amekwisha kuwa mrefu kutupita. Baba yake alikuwa na shauri la shamba mbele ya baraza fulani, na siku ya kusikilizwa alikatizwa kabla hajafika nusu ya maneno yake, akaambiwa akae. Kijana alikuwapo, amesimama nyuma.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Kile kitabu cha watu wanaosema tu, kipo?”

Tukampa, na safari hii hatukusema neno. Tulisikia baadaye kwamba akisoma kwa sauti jioni, baada ya chakula, baba yake akisikiliza, na kwamba majirani wawili huja na vigoda vyao. Akifika mahali Karama anapoanza kusema, baba humwambia apunguze mwendo.

Kitabu hakijarudi, nasi hatujakidai. Lakini kijana alipita siku moja akaandika mstari wake katika daftari. Penye “mahali panapochosha” aliandika, “Mwanzo. Vumilia.” Na penye “mtu gani akisome” aliandika, “Aliyeambiwa akae.”