Nyota Ionekanayo Mchana Kweupe

Mara kwa mara husikika habari, mjini na mashambani, ya kwamba nyota imeonekana mchana. Watu hukusanyika kando ya barabara, vidole juu. Mmoja husema ni chombo cha kijasusi, mwingine husema ni dalili ya vita au ya kufa kwa mkubwa fulani, na wa tatu huenda zake akicheka, kwa kuwa yeye hakuona kitu. Hakika wale walioona waliona, na hicho walichokiona chaweza kuonwa na mtu ye yote mwenye macho mazima, bila darubini, maadamu ajue mahali pa kutazama.

Kitu chenyewe ni Zuhura, ile ile tuiitayo nyota ya alfajiri au nyota ya jioni. Si nyota hasa, bali ni sayari, ndugu wa Dunia yetu, nayo hupata mwanga wake kwa Jua kama sisi. Imefunikwa kote kwa mawingu mazito ya rangi nyeupe, na mawingu hayo hurudisha kama robo tatu ya mwanga unaoyafikia. Mwezi hurudisha kama sehemu moja tu katika kumi, maana uso wake ni wa mawe meusi-meusi. Nao twauona mchana pasipo kustaajabu hata kidogo!

Asidhani mtu kwamba mshangao huu ni wa watu wasiosoma. Katika kiangazi cha mwaka 1716 Zuhura ilionekana mchana kwa siku nyingi mfululizo katika jiji la London, na watu wakaifanya mwujiza. Ilimbidi Edmond Halley, yule mtaalamu ambaye nyota yenye mkia maarufu huitwa kwa jina lake, afanye hesabu na kueleza sababu. Alionyesha kwamba Zuhura haing'ai zaidi inapokuwa duara kamili, kwa kuwa wakati huo iko mbali nasi sana, ng'ambo ya Jua. Hung'aa zaidi inapokuwa mfano wa mwezi mchanga, kiasi cha robo tu ya uso wake ikiwa na mwanga, kwa maana hapo imetukaribia.

Kisa cha Paris chapendeza zaidi. Mwezi wa Desemba 1797 Jenerali Bonaparte alikuwa akienda kwenye jumba la Luxembourg kupokewa kwa shangwe, baada ya vita vyake vya Italia. Mtaalamu Mfaransa François Arago ameandika kwamba jenerali aliona ajabu kukuta umati wa watu wakitazama juu ya jumba badala ya kumtazama yeye. Alipouliza, aliambiwa kwamba wanaitazama nyota iliyotokea adhuhuri, nao wanaamini kuwa ni nyota ya mshindi wa Italia. Ilikuwa ni Zuhura, ikipita njia yake ya siku zote. Mtu mwenye cheo akipewa nyota na watu, ni nadra kuikataa.

Basi kwa nini hatuioni kila siku? Nyota zote zipo mchana, lakini hewa hutawanya mwanga wa Jua hata mbingu yote ikajaa weupe, nazo zikafifia kama kandili iliyowashwa juani. Zuhura peke yake, katika sayari, ina nguvu ya kushinda weupe huo hata saa sita. Jambo la pili ni la jicho lenyewe. Likitazama uwazi usio na kitu, jicho hulegea na kujiweka kama kwamba latazama kitu cha karibu, na hivyo nukta ndogo iliyo mbali hupotea. Ndiyo sababu mtu aweza kuikodolea macho robo saa nzima asiione, kisha akiisha kuiona ashangae jinsi ilivyo dhahiri.

Njia iliyo rahisi ni kuanza mapema. Zuhura inapokuwa nyota ya alfajiri, itafute kabla ya kucha, kisha simama mahali ambapo yaonekana juu ya ncha ya paa au ya mti. Usiiache, kila dakika chache sogea kidogo, ikae pale pale juu ya ncha, huku Jua likichomoza. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati, kwa sababu hupanda karibu wima. Kufika saa tatu iko juu sana, karibu na utosi, nawe waweza kusimama upande wa magharibi wa nyumba, ukuta ukikukinga na Jua. Inapokuwa nyota ya jioni, geuza mambo: simama upande wa mashariki wa nyumba, kama saa tisa alasiri. Kipimo ni ngumi yako. Ukinyosha mkono, ngumi moja ni kama nyuzi 10, na Zuhura haiachani na Jua kupita nyuzi 47. Siku za baada ya mvua ni bora, vumbi likiisha kuoshwa, na watu wa Limuru au Nanyuki huona mbingu ya buluu iliyokoza kuliko watu wa pwani.

Neno moja la kuonya, na wazazi walisikie. Usiitafute Zuhura kwa darubini karibu na Jua. Jua likiingia katika kioo mara moja tu, laweza kuunguza ndani ya jicho, na sehemu ile ya jicho haina maumivu ya kumwonya mtu. Mtoto hatalia, atajua baadaye kwamba haoni. Ukuta uwe kati yako na Jua daima, hata kama huna darubini.

Zuhura hung'aa kupita kiasi siku 36 hivi kabla ya kupita baina yetu na Jua, na vile vile baada yake, na jambo hili hurudi kila siku 584. Mizunguko mitano hutimiza miaka 8 kasoro siku mbili au tatu. Kwa hiyo aiandikaye tarehe ukutani ataitumia tena. Mshitarii nayo huonekana Jua likiwapo, lakini ni hafifu zaidi, nayo yataka Jua liwe chini kabisa, dakika chache baada ya kuchomoza au kabla ya kuzama. Kwa hiyo, ungojee siku ambayo Mwezi uko kando yake, jicho lipate pa kushika.