Soko la magari: IST kwa mnunuzi wa Mkonze

Mkazi wa Mkonze anayetafuta gari dogo la familia lenye sura nzuri mara nyingi huishia kwenye Toyota IST. Toleo la kwanza lilitengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007. Kwa umri huo, mwagizaji hutozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Ndiyo maana IST iliyokwisha kutumika nchini haishuki bei haraka: muuzaji anajua kuagiza nyingine ni ghali. Aliyenunua vizuri huuza bila hasara kubwa.

Injini ni za cc 1300 na 1500. Kwa mizunguko ya mjini 1300 yatosha. Anayejaza watu watano kwenda Iringa achukue 1500. Viti vya nyuma hulazwa, kreti za zabibu zikaingia.

Udhaifu wake ni uvungu mfupi. Barabara za vumbi hula shokapu na bushi, na kiangazi huziba chujio la hewa. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi.