Swichi ya ndani haiwashi jenereta? Kagua haya kabla ya kununua stata

Msikilizaji wetu, katika kipindi cha asubuhi tulisoma ujumbe wa mlinzi wa zahanati moja ya kijijini. Jenereta yao iko kwenye banda nyuma ya jengo, na swichi ya kuiwashia imewekwa ndani, karibu na chumba cha kujifungulia. Siku hizi umeme ukikatika, muuguzi anabonyeza swichi na hakuna kinachotokea. Mlinzi analazimika kwenda bandani usiku, mvua ikinyesha, kuiwasha hukohuko. Fundi amewaambia wanunue stata mpya, na fedha ya stata hawana. Wakati huohuo friji ya chanjo inatakiwa ibaki kati ya nyuzijoto 2 na 8.

Muda wa hewani haukututosha kumjibu vizuri. Ndiyo maana tumeandika makala haya, ili yeye na wengine wenye jenereta ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya mashine ya kusaga wasome taratibu kwenye simu, wakiwa wamesimama mbele ya mashine yenyewe.

Swichi ya mbali inafanya kazi gani?

Watu wengi wanadhani umeme wa kuzungusha injini unapita kwenye ile swichi ndogo ya ukutani. Sivyo. Stata inavuta umeme mwingi sana kutoka kwenye betri, na ndiyo maana nyaya zake ni nene kama kidole. Umeme huo ungepita kwenye swichi ya ndani, swichi ingeungua siku hiyohiyo.

Kazi ya swichi ya ndani ni kutuma ishara tu. Ukibonyeza, umeme kidogo unapita kwenye waya mwembamba hadi kwenye jenereta, unaamsha relei, na relei ndiyo inayofungua njia ya umeme mkubwa kwenda kwenye stata. Ni kama mtoto anayetumwa kwa jirani kuomba jembe: mtoto halimi, anapeleka ujumbe tu. Asipofika, jembe haliji, hata kama jirani ana majembe kumi.

Mpangilio huu unatumika sehemu nyingi. Kule Marekani kuna magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani yake, na jenereta inakaa chini ya gari. Mwenye gari anaiwasha kwa swichi iliyo karibu na kitanda. Gari lile na zahanati yetu vina matatizo yanayofanana: betri, waya, plagi na swichi.

Kabla hujagusa chochote

Jenereta yenye swichi ya mbali ina hatari ambayo ya kuvuta kamba haina. Wewe umeinama bandani, mkono uko karibu na mkanda au feni, na mtu aliye ndani anabonyeza swichi bila kujua kuwa upo. Mashine inanguruma na mkono umeondoka.

Kwa hiyo, kama unataka kufungua kitu au kushika nyaya, waambie waliomo ndani, kisha toa kwanza waya wa hasi wa betri. Wakati wa kurudisha, waya huo wa hasi uwe wa mwisho. Na kila tunachoeleza hapa kinahusu nyaya za betri peke yake. Upande wa jenereta unaotoa umeme wa taa na friji unaua, mwachie fundi.

Swali la kwanza: inawaka kwa swichi yake yenyewe?

Jenereta nyingi za aina hii zina kitufe au ufunguo mwingine kwenye mashine yenyewe. Nenda ukaijaribu hapo kabla ya jambo lingine lolote. Jibu utakalopata litakupunguzia nusu ya kazi.

Sisi hatukuuliza swali hilo, na lilitugharimu. Jioni moja umeme wa studio ulikatika karibu na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mtangazaji akabonyeza swichi, kimya. Mlinzi wetu akakimbia na tochi hadi bandani, akazungusha ufunguo wa kwenye mashine, na jenereta ikawaka mara moja. Tulirudi hewani tukiwa tumepoteza dakika kadhaa. Kesho yake tukakubaliana kuwa betri imechoka, tukanunua mpya. Umeme ulipokatika tena, swichi ikawa kimya vilevile.

Baadaye tulipofuata waya juu ya dari, tulikuta panya ameutafuna. Betri ile ya zamani haikuwa na kosa lolote. Ingekuwa imekufa, isingewasha injini hata kwa ufunguo wa bandani. Jibu tulikuwa nalo tangu usiku ule wa kwanza, hatukulitazama.

Basi ishike hii: kama mashine inawaka bandani na haiwaki kwa swichi ya ndani, basi betri, stata na mafuta vyote ni vizima. Tatizo liko njiani, kati ya kidole chako na jenereta. Kama inagoma kote kuwili, iache swichi ya ndani kwanza na uanze na mashine.

Kama inawaka bandani tu

Kwanza, soma maandishi ya kwenye mashine. Baadhi ya jenereta zina kitufe cha kuchagua kama itawashwa hapohapo au kwa mbali. Mtu akikiacha upande wa hapohapo, swichi ya ndani haitasikilizwa.

Pili, angalia plagi ya waya wa swichi inapoingia kwenye jenereta. Injini inatikisika, na plagi hulegea taratibu. Ichomoe, tazama kama vidole vyake vina kutu au unga wa kijani, visafishe, irudishe mpaka ishike.

Tatu, fuata waya wote kwa macho na kwa mkono, kutoka bandani hadi ukutani. Tafuta panapopita kwenye kona kali ya bati, palipopigiliwa msumari, palipounganishwa kwa kusokotwa na palipotafunwa.

Nne, fungua swichi yenyewe. Mara nyingi utakuta vumbi, sisimizi au waya uliochomoka kwenye skrubu yake.

Kama macho hayajaona kitu, pima. Chomoa plagi upande wa jenereta ili waya usiwe na umeme. Tumia mita, au balbu ndogo na betri za tochi ulizoziunganisha mfululizo. Gusisha ncha mbili za kipimo kwenye vidole viwili vya plagi vinavyohusika na kuwasha. Kitabu cha mashine kinavionyesha. Mwombe mtu wa ndani abonyeze na kuachia. Balbu iwake akibonyeza na izime akiachia. Ikiwa haiwaki kabisa, pima swichi peke yake, miguuni pake. Ikiwaka hapo, swichi ni nzima na waya ndio uliokatika. Isipowaka, badilisha swichi.

Usiunganishe nyaya za jenereta kwa kubahatisha ili uone kama itawaka. Kuna mashine ambazo swichi yake inapeleka chanya, na kuna ambazo inaunganisha na hasi. Ukikosea unaweza kuunguza kompyuta ndogo ya mashine, ambayo bei yake inaizidi stata.

Kama inagoma hata bandani

Hapa tumia masikio. Mashine inakuambia inaumwa wapi.

Kimya kabisa. Angalia kitufe chekundu cha dharura, huenda mtu amekibonyeza na hakikurudishwa. Angalia fyuzi. Shika vichwa vya betri uone kama vinacheza.

Inasema "tik" na kunyamaza. Ishara imefika, lakini nguvu haitoshi. Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha karibu 12.6; ikiwa 12.2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12 usitegemee kitu. Kisha pima tena huku mtu akiwasha. Ikishuka sana chini ya 10, betri ni dhaifu hata kama ilipopumzika ilisoma vizuri. Kama betri inasimama imara na bado ni "tik", safisha vichwa vyake kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, ukiwa umevaa glavu, na kaza waya wa hasi unaoshika bodi. Ukiona bado, ndipo stata iulizwe.

Inazunguka lakini haiwaki. Swichi, relei na stata vimefanya kazi yao. Tafuta mafuta: tangi, koki, chujio, na kwa dizeli, hewa kwenye mpira wa mafuta. Usiizungushe mfululizo, sekunde 10 hivi, kisha ipumzishe dakika moja, la sivyo utaunguza stata kwa kweli.

Inawaka, ukiachia kitufe inazima. Hili linawachanganya wengi. Ukiwa umebonyeza, injini inalishwa kwa njia ya kuwashia. Ukiachia, mashine inataka uthibitisho kwamba injini iko salama, na kwenye mashine nyingi uthibitisho huo ni presha ya oili au umeme unaozalishwa. Usipopatikana, inajizima. Pima oili kwanza. Kama oili iko sawa, kihisi cha presha au upande wa kuzalisha umeme una kasoro, na hapo ni kazi ya fundi.

Kuna fundi atakayekwambia akate waya wa kihisi cha oili ili mashine isizime. Mkatalie. Kihisi hicho kinainyamazisha injini kabla haijajiua.

Jambo moja kuhusu banda

Swichi ya mbali iliwekwa ili jenereta ikae mbali na watu. Inapoharibika, wapo wanaoamua kuisogeza mashine mlangoni au hata ndani ya korido ili iwe rahisi kuiwasha. Tafadhali msifanye hivyo. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu waliolala. Kufungua madirisha hakutoshi. Ni afadhali mlinzi alowe mvua kwa wiki moja, mpaka waya upatikane.

Tumjibu mlinzi wetu

Ndugu yetu, katika ujumbe wako ulituambia kwamba ukienda bandani jenereta inawaka. Kwa neno hilo umeshalijibu swali la kwanza: stata yenu inazunguka, betri yenu ina nguvu. Msinunue stata. Mwambie mganga mfawidhi, halafu mchana, kukiwa na mwanga, anzeni na kile kitufe cha kuchagua, kisha plagi, kisha waya, kisha swichi, kwa mpangilio huohuo. Huenda mtahitaji mita chache za waya, au hata usafi tu.

Na mkishaitengeneza, wekeni siku moja ya wiki ya kuiwasha kwa swichi ya ndani na kuiacha ifanye kazi kwa muda, hata kama umeme upo. Sisi sasa tunafanya hivyo kila Jumatatu mchana. Kasoro ikijitokeza mchana, fundi yupo na duka liko wazi. Ikijitokeza usiku, kuna mama anayejifungua.

Tutumie ujumbe utueleze ulichokikuta. Tutausoma hewani, maana bila shaka kuna mlinzi mwingine mahali fulani anayeisubiri habari hiyo.