Baridi ya Njombe: Chagua Kofia Inayofaa

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Njombe ni kali. Asubuhi nyingine umande huganda mashambani. Ukitembea alfajiri na mzigo mgongoni kwenda kupanda gari la Makambako, unahitaji kofia. Je, kofia ipi?

Chagua kofia nyepesi ya sufu iliyofumwa, inayofunika masikio. Nyuzi za sufu hushika hewa, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisitoke. Sufu ikilowa kidogo bado hutia joto. Kofia ya pamba ikilowa hupoza kichwa.

Ukipanda mlima utatoka jasho. Vua kofia kabla haijalowa, uiweke mfukoni. Ukipumzika, ivae mara moja. Upepo ukiwa mkali, jifunge kitambaa juu ya kofia, kwa sababu sufu hupitisha upepo.

Mama, mtoto mchanga hupoteza joto jingi kichwani. Mvalishe kofia kavu, lakini usimzibe pua na mdomo.

Kumbuka, kofia peke yake haitoshi. Msafiri aliyelowa akitetemeka sana, akisema ovyo au akipepesuka, yumo hatarini. Mwingize ndani. Mvue nguo mbichi. Mfunike blanketi, na kichwa pia. Kama anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe, kwa sababu pombe hupoteza joto la mwili. Kisha mpelekeni zahanati bila kuchelewa.